Kaka Kufuli na Ngozi za Umeme

Kaka yangu mkubwa akinunua mkate huugeuza kwanza, akautazama chini. Ukimuuliza anatafuta nini, atakwambia hajui, ila aliyeficha anajua. Ndivyo alivyo. Nyumbani kwake pipa la unga lina kufuli, kabati la vikombe lina kufuli, na bomba la uani amelifunga mnyororo kama mbwa mkali. Marehemu mke wake alikuwa akituchekesha, anasema mume wake akipata tu bawaba, hata kivuli chake atakitia kufuli. Mtaa mzima wanamwita Kufuli, naye hakasiriki. Anaitika kama mtu aliyepewa cheo.

Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alikuwa fundi wa vioo, akishirikiana na mwenzake kibanda kimoja, meza moja na almasi moja ya kukatia. Mama yetu alipofariki, kaka alikaa msibani mpaka mambo yote yakaisha. Kurudi kibandani akakuta mwenzake amehama, amehama na wateja, amemwachia vipande vya vioo sakafuni na ufagio. Ule ufagio, alikuwa akisema, ndio uliomuuma zaidi. Tangu hapo msemo wake ukawa mmoja, kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zake akawa anazikung'uta kila siku.

Kazi aliyonayo sasa aliipata kwa sababu ya vioo hivyo hivyo. Kuna karakana nyuma ya chuo cha ufundi, wanatengeneza mitambo midogo ya umeme ya kupeleka kwenye zahanati, ili chanjo zisiharibike umeme wa kawaida ukikatika. Mitambo hiyo haina moshi wala kelele. Upande mmoja inaingia gesi ya hidrojeni, upande wa pili inaingia hewa hii hii tunayovuta, na katikati pana utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Utando huo ndio kila kitu. Ni kama bawabu mwenye akili: chembe ndogo kabisa za ile gesi anazipisha, gesi yenyewe anaizuia, na katika kupita huko ndimo unamopatikana umeme, na maji kidogo yanadondoka chini. Utando ukipasuka, gesi na hewa zinakutana, na hapo hakuna umeme tena, kuna hatari.

Wenyewe kazini tando hizo wanaziita ngozi. Ndiyo maana fundi viatu wa mtaani kwetu alimfuata kaka siku moja, akaomba mabaki ya ngozi ashonee ndala. Kaka alimtazama sana, akamwambia hakuna. Jioni akaja kwangu akaniuliza, huyu fundi viatu nani kamwambia kwamba kuna mabaki?

Nimeelezwa mara nyingi jinsi ngozi hizo zinavyotengenezwa, mpaka naona kama nimewahi kuzipika mwenyewe. Punje nyeupe za polima zinayeyushwa kwenye maji ya moto na kukorogwa mpaka yawe mazito kama gundi. Gundi hiyo inamiminwa juu ya kioo kilicholala sawasawa, inavutwa kwa bapa refu la chuma ili iwe na unene mmoja, kisha inaachwa ikauke. Hapo ndipo walipomhitaji fundi wa vioo, maana kioo kikiinama hata kidogo, ngozi inatoka nene huku na nyembamba kule. Lakini ikiishia hapo haina faida. Ukiitia majini inarudi kuwa uji. Injinia, ambaye ndiye mkuu wa karakana, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimweleza kaka kwamba ndani ya ngozi kuna nyuzi ndefu ambazo jicho halizioni, zimelala tu pamoja kama sufu ambayo haijafumwa. Inabidi zifungwe uzi kwa uzi, fundo hapa, fundo pale, ziwe kama wavu. Basi ngozi inachovywa kwenye dawa ya kufunga, dawa yenye harufu kali ya kuchoma pua na kutoa machozi. Ikitoka humo inaning'inizwa dirishani mpaka asubuhi ipigwe na upepo, ndipo ioshwe kwa maji safi mengi. Mafundo yakiwa machache, ngozi inavimba majini na kulegea. Yakizidi, inakakamaa, ukiikunja inakatika kama jani kavu.

Anayemimina na kuchovya ni kaka. Aliyekuwa akiosha na kukata kingo ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mke wake.

Huyu shemeji ni mtu wa kutajwa kwa heshima. Dada yake alipofariki, yeye ndiye aliyemlea binti wa kaka mpaka akawa mtu mzima, akipanda na kushuka kati ya nyumba ile na kwa mama yake mzee asiyeinuka kitandani. Alikuwa akifulia watu nguo. Kaka ndiye aliyemwombea kazi kwa Injinia, akisema mikono iliyozoea maji haitaogopa maji. Ni kweli, na kazi ile ndiyo iliyokuwa tegemeo lake na la mama yake. Ni mwanamke mkimya, lakini ana utani wa chinichini. Asubuhi alikuwa akimwambia kaka, "Shemeji, leo umenisalimia bila kunikagua. Unaumwa?" Na kaka, ambaye hachekeshwi na mtu, alikuwa anacheka.

Mambo yaliharibika baada ya kuja mgeni. Alikuwa bwana mmoja kutoka karakana nyingine ya mji huo huo, Injinia akamtembeza kama watu wa fani moja wanavyotembezana. Alipofika dirishani, ngozi zikiwa zinaning'inia, alisimama, akasifu, akatoa simu akapiga picha. Kwa wengine ilikuwa ni picha tu. Kaka aliona kama mkono umeingia mfukoni mwake. Asubuhi iliyofuata akakuta ngozi moja iko sakafuni. Mlinzi akasema ni upepo. Kaka akamjibu kwamba upepo hauna vidole vya kufungulia kibanio.

Siku hiyo akaanza jambo ambalo hakumwambia mtu. Pale kwenye chumba cha kazi palikuwa na kabati la chuma lililokuwa likiwekewa vipuri, milango yake ina mpira pembeni, ukiifunga haipiti hata vumbi. Kila jioni wenzake wakishaondoka, alizitoa ngozi dirishani, mbichi vile vile na dawa yake, akazitundika ndani ya kabati, akafunga kwa kufuli lake mwenyewe. Ufunguo akautia uzi, akauvaa kiunoni chini ya shati. Asubuhi aliwahi kuliko wote, akazirudisha dirishani kana kwamba zimelala pale. Hakumwambia Injinia, hakumwambia shemeji, hata mimi mdogo wake hakuniambia. Mahali pa kufichia pakijulikana, alikuja kunieleza baadaye, si pa kufichia tena.

Ngozi zikaanza kukatika.

Mwanzo ilikuwa moja moja, kijana wa kupima akiibana kwenye fremu inatoa mlio mdogo, imepasuka. Kisha zikawa nyingi. Injinia akabadilisha maji ya kuoshea. Akafungua pipa jipya la punje. Akaipima dawa, akaipima tena. Kuna zahanati ilikuwa inasubiri mtambo wake, na wauguzi walikuwa wakipiga simu kuuliza. Mwishowe akawakusanya watu wake wote, akawauliza kwa upole kama kuna chochote, hata kidogo namna gani, kilichobadilika katika kazi. Kila mtu akasema hapana. Kaka naye akasema hapana. Nadhani hakukusudia kudanganya. Kwake yeye lile kabati halikuwa badiliko, lilikuwa ulinzi.

Sasa mtu akishaamini kwamba yuko adui, kilichobaki ni kumtafutia sura. Kaka akaanza kuja kwangu jioni, anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, anasema kwa sauti ya chini kana kwamba sufuria zangu zina masikio. Ngozi zikitoka mikononi mwake ni nzima, alisema. Zikitoka beseni la shemeji zinakatika. Siku moja alimwona shemeji getini anacheka na mwanamke aliyevaa aproni ya karakana ile nyingine. Siku nyingine alimwona anafunga kitu kwenye leso. Kisha akaongeza kwamba shemeji siku hizi akiosha anampa mgongo.

"Kaka," nikamwambia, "beseni liko ukutani. Ulitaka aoshe kinyumenyume?"

Hakucheka. Akaniambia mimi ni mtu wa sala, na watu wa sala huwa wanaibiwa viatu mlangoni.

Lililomkaa zaidi moyoni ni swali. Shemeji alimuuliza asubuhi moja, akiwa amejipangusa macho kwa kiwiko, "Shemeji, mbona ngozi za siku hizi zinaniliza? Zamani zilikuwa zimeshaishiwa harufu nikizishika. Zinalala wapi?"

Kaka akamjibu kwamba zinalala dirishani, kwani zilale wapi. Jioni alinirudia maneno yale neno kwa neno, zinalala wapi, zinalala wapi. Mtu wa kuosha anataka kujua malazi ya ngozi kwa faida gani, kama hakutumwa? Nilimwambia huenda anauliza kwa sababu macho yanamuwasha. Akasema ndivyo wanavyoanza, na macho.

Nikamsihi asiseme chochote kazini mpaka awe na hakika. Nikamkumbusha nani alimsuka nywele binti yake, nani alikaa naye hospitali alipougua. Akasema hayo yote anayajua, na ndiyo yanayomtisha, kwa maana aliyemwachia ufagio naye alikuwa kama ndugu. Niliomba sana usiku ule. Nilimwomba Mungu amzuie ulimi.

Ulimi haukuzuilika. Injinia aliwaita tena ofisini, ngozi za wiki nzima zikiwa zimekatika, na kijana wa kupima yupo, na mlinzi amesimama mlangoni kwa sababu alileta barua. Shemeji alikuwa bado yuko kwenye beseni. Injinia akasema amefika mwisho wa akili yake. Kaka akasimama, akasema, "Mimi nikiimaliza ngozi, inakunjika. Ikipita kwa shemeji yangu, inakatika. Sitasema zaidi."

Hakuwa na haja ya kusema zaidi. Kusemwa na jamaa yako mwenyewe ni kama kushuhudiwa na mama yako. Injinia alimwita shemeji, akamuuliza anaoshaje. Shemeji akaeleza: anatia maji, anageuza, anamwaga, anatia tena. Akaulizwa kama kuna kitu anachoongeza. Akasema hakuna, yeye anaosha tu. Alimtazama kaka, na kaka akatazama kioo cha dirisha. Injinia, kwa masikitiko ambayo kila mtu aliyaona, akamwambia apumzike nyumbani kwanza mpaka ijulikane tatizo ni nini. Wote tunajua kupumzika kwa namna hiyo kunaishia wapi.

Alikuja moja kwa moja kwangu, bado harufu ya dawa iko kwenye mikono ya gauni. Nilikuwa nachambua mchele. Akakaa, akavuta upande wa ungo, akaanza kuchambua nami bila kusema. Alipoanza kusema hakulia.

"Wifi, mtu akikuita mwizi, unaweza kumwonyesha mifuko yako. Akisema mkono wako unaharibu, utamwonyesha nini?"

Nilimwambia nitazungumza na kaka. Akasema nisizungumze, kwa sababu nikimtetea na mimi nitaingizwa. Alimjua shemeji yake vizuri.

Binti wa kaka aliposikia, hakugombana na baba yake. Alikunja nguo zake chache, akamwambia anakwenda kumsaidia mama mdogo kumhudumia bibi. Kaka akabaki na makufuli yake. Alikuja kuniambia kwamba wamemteka mtoto. Nikamwambia mtoto ana miguu na ametekwa kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa kuosha akaosha yeye. Hakumruhusu mtu kusogelea beseni. Na ngozi zikakatika.

Ningekuwa mimi ningeshukuru hapo hapo na kukimbia kumrudisha mtu wa watu. Lakini dhana ni kama moshi, ukiizibia dirisha inatokea mlangoni. Kaka akaona kumbe shemeji hakuwa peke yake. Akamgeukia mlinzi, kwa sababu mlinzi ndiye anayebaki wengine wakiondoka, na ndiye aliyetoa yale maneno ya upepo. Akanunua kufuli jingine, kubwa zaidi, akilalamika kwamba la kwanza limechongewa ufunguo. Zikakatika. Akaanza kumpima Injinia mwenyewe: je, si ndiye aliyemleta mgeni? Si ndiye aliyecheka naye? Kijana wa kupima je, ile fremu anaibana kwa haki?

Haya yote alinieleza nusu nusu, kwa sababu bado alikuwa haniambii habari ya kabati. Nilikuwa nasikia tu kufuli, kufuli, nikadhani ni la mlango wa chumba. Jioni moja nilimuuliza, kwa utani ili kumpoza, kama Injinia si yeye na mlinzi si yeye, basi amebaki nani. Akatazama mikono yangu.

"Wewe na shemeji," akasema taratibu, "mnasali pamoja, sivyo?"

Nilinyanyuka nikaenda kuangalia jikoni kitu ambacho hakikuwepo.

Basi akatega. Aliamua amwachie adui chambo. Jioni, badala ya kuzifungia ngozi zote, aliacha moja dirishani kwenye kibanio chake, kama zamani. Akachomoa uzi mweusi kwenye sweta lake, akaulaza juu ya kibanio, mwembamba, asiyejua hawezi kuuona. Mkono wowote ukigusa pale, uzi utaanguka. Nyingine zote akazifunga kabatini, kufuli jipya, ufunguo kiunoni. Akaenda nyumbani akiwa na furaha ya mwindaji.

Asubuhi akafika wa kwanza. Uzi ulikuwa pale pale. Hakufurahi hata kidogo. Alisema moyoni kwamba wameshtuka, wamejua kuna mtego. Kwa hasira akaichukua ile ngozi ya chambo, akaiosha, akaiacha ikauke kidogo, akaikunja aitupe. Ikakunjika. Akaikunja mara ya pili, ikakunjika tena, laini kama kitambaa cha kichwa. Akaikunjua, akaiinua kwenye mwanga. Haikuwa na ufa wala mstari.

Akafungua kabati. Akatoa ya kwanza, akaiosha vile vile, maji yale yale, akaikunja. Ikakatika. Ya pili ikakatika. Alizimaliza zote, moja baada ya nyingine, mpaka beseni likajaa vipande. Ngozi aliyomwachia mwizi ndiyo pekee iliyokuwa hai. Alizozilinda zote zilikuwa zimekufa. Na ufunguo wa mahali zilipofia haukuwa kwa mlinzi, wala kwa Injinia, wala kwa shemeji.

Alikuja kwangu mchana, saa ambayo si yake. Nilipomwona nilijua si habari njema, maana hakugeuka kutazama nani yuko nyuma yake.

"Mdogo wangu," akasema, "nimemkamata."

Nikamuuliza nani. Akapandisha shati, akafungua uzi kiunoni, akauweka ufunguo juu ya meza yangu. Kisha akakaa, na hapo ndipo aliponieleza habari ya kabati, toka mwanzo. Nilimwacha amalize. Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini namshukuru Mungu aliyenipa kuyameza. Nilimwambia neno moja tu, kwamba Injinia bado yuko kazini saa hizi.

Alikwenda. Injinia alipoonyeshwa lile kabati, aliingiza kichwa ndani na kukitoa papo hapo, miwani mkononi, machozi yanamtoka. Alikaa juu ya pipa la punje mpaka pumzi iliporudi. Akamweleza kwamba dawa ya kufunga haijui kuacha yenyewe. Upepo wa dirishani ndio uliokuwa ukiiondoa kwenye ngozi mafundo yakishatosha. Kule kabatini haikuwa na pa kwenda. Mvuke wake ulibaki umezunguka ngozi, ukaendelea kufunga, fundo juu ya fundo, mpaka nyuzi zikakosa nafasi ya kujinyoosha. Asubuhi zikioshwa, kilichofungwa hakifunguki kwa maji. Naye akajilaumu kidogo, kwamba alipima vyote vilivyomo kwenye ndoo na chupa, asiende kutazama ngozi zinakolala.

Kisha akamwambia kaka, "Nilikuuliza."

Hakupaza sauti. Kaka anasema angemtukana ingekuwa nafuu.

Injinia alimpigia simu shemeji siku hiyo hiyo, akamwambia tatizo limejulikana, hana kosa, arudi kesho. Kaka akadhani yameisha. Kumbe shemeji alimjibu Injinia kwa adabu kwamba ameshukuru, lakini hakuondolewa na simu. Aliyemtoa anamjua, na ndiye atakayemrudisha.

Tulikwenda wote wawili, kwa sababu kaka aliogopa kwenda peke yake, ingawa alisema ananisindikiza mimi. Shemeji alitoka mlangoni mikono ikiwa na povu, alikuwa anamwogesha mama yake. Hakutukaribisha ndani wala hakuleta kiti. Nyuma yake nilimwona binti wa kaka amesimama kwenye korido na taulo.

Kaka alikohoa. Akaanza kueleza habari ya mpira wa mlango, na mvuke, na upepo, maneno yote ya Injinia, mpaka nikaona haya. Akamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo shemeji, ilikuwa ni kabati."

"Kabati halikwenda ofisini kusema jina langu," shemeji akasema.

Kaka akatazama chini.

"Ulisema mbele ya watu, nami sikuwepo. Sasa utasema mbele ya watu hao hao, nikiwepo. Na usiseme kabati, shemeji. Sema wewe."

Akageuka kurudi ndani, kwa kuwa mama yake alikuwa anaita. Binti akabaki kidogo akimtazama baba yake, kisha naye akaingia.

Njiani kaka alitaka kujua kama ninaona ni lazima. Alikuwa tayari kwa lingine lolote: kumwombea siku za mapumziko, kumbebea maji, kumtengenezea bibi dirisha jipya la kioo. Lakini asimame, yeye, mbele ya mlinzi aliyemwita mwongo na kijana aliyemdhania mwizi, afungue kinywa? Alisema watamcheka. Siku moja watamgeuzia maneno hayo. Mtu akishaonyesha udhaifu wake, hawezi kuufungia tena. Nikamwambia kwamba yote hayo huenda ni kweli.

Asubuhi shemeji alifika karakana akiwa amevaa nguo zake za kawaida, si za kazi, akasimama karibu na mlango. Injinia akawaita watu. Haya alinieleza shemeji mwenyewe. Kaka alisimama mahali pale pale aliposimama mara ya kwanza. Alianza, akakwama. Akaanza tena kwa kusema kwamba kulikuwa na tatizo la hewa, kisha akamwona shemeji anashika kitasa, akaacha.

"Nilizificha ngozi, nikaziharibu mimi," akasema. "Mkuu akaniuliza, nikasema hapana. Nikamtaja huyu. Hakufanya kitu. Nilimtaja kwa sababu alikuwa karibu yangu kuliko wote."

Mlinzi alikohoa. Hakuna aliyecheka. Shemeji akaenda kuvaa aproni.

Ngozi siku hizi zinalala dirishani na zinakunjika. Zahanati ile imepata mtambo wake. Kaka, akiulizwa, anakiri kwamba jioni anapata shida kuondoka na kuziacha pale zinapepea, kila mpita njia anaziona, na kwamba mara nyingine anafika getini anarudi kuzitazama. Lakini anaziacha. Mlinzi anasema wameanza kusalimiana.

Kwa shemeji mambo si mepesi. Wanafanya kazi chumba kimoja, anamwita shemeji kama zamani, anapokea ngozi, anamwambia hii iko tayari, hii ina kiputo cha hewa, basi. Hamtanii tena. Kaka ananiambia kwamba anajikuta asubuhi anachelewesha salamu makusudi, amsubiri aseme kitu, na hasemi. Binti bado yuko kwa mama yake mdogo. Anakuja kwa baba yake kumsalimia, anakaa kwenye kiti cha wageni.

Juzi nilikwenda kumjulia hali bibi, nikamkuta shemeji uani anafua mashuka. Nikamuuliza wazi, kwa kuwa sisi wawili hatufichani, kama amemsamehe kaka yangu.

"Namwomba Mungu kila siku anipe moyo huo, wifi," akasema. "Hajanipa bado. Siwezi kusema amenipa kama hajanipa."

Nikamwambia nitaomba pamoja naye. Akasema sawa, akanipa ncha moja ya shuka, tukalikamua.